Kuku anakoroma usiku, mwingine anahema mdomo wazi: nianzie wapi kabla ya kununua dawa?

tembe_mwekundu

Wakuu habari zenu, naomba msaada maana hapa nilipo akili imeganda. Nafuga kuku wa nyumbani tu, siyo wengi, mitetea, matembe na jogoo, wanashinda nje wanachakura jioni wanaingia bandani. Juzi usiku naenda kufunga mlango nasikia sauti inakoroma taratibu, krrr, krrr, nikasimama kusikiliza, ni mtetea yuko juu ya fito kalala. Asubuhi katoka yuko fresh, anakula, nikasema labda vumbi. Leo sasa kuna tembe anapiga chafya na kutikisatikisa kichwa, jicho la kulia lina povu kwenye kona, halafu mchana wa jua kali nimemkuta mtetea mwingine kabisa kasimama kivulini mdomo wazi anahema, mabawa kayaachia mbali na mwili.

Jirani anasema hicho ni kideri, chinja wote kabla hawajaanza kuanguka. Rafiki yangu naye anasema weka antibayotiki kwenye maji ya wote leo leo. Mimi hawa kuku nawajua mmoja mmoja, siwezi kuchinja wala kunywesha dawa kwa kubahatisha. Mwenye uzoefu anieleze, nitajuaje tatizo liko wapi? Na mayai ninayookota sasa hivi yanalika au niyatupe?

Zena_Bandani

Pole sana ndugu, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya kununua. Kwanza hao watatu usiwaweke kapu moja maana kwa ulivyoeleza wanaweza kuwa na mambo tofauti kabisa. Yule wa mdomo wazi mchana wa jua, mabawa kayaachia, anaweza asiwe mgonjwa hata kidogo. Kuku hatoki jasho, joto likifika nyuzi 30 hivi anaanza kutweta, ndio njia yake kubwa ya kupoza mwili. Mtazame jua likishapoa, akifunga mdomo na kupumua kimya basi ilikuwa joto, mwongezee kivuli na maji ya baridi. Lakini kama alfajiri kumepoa na bado mdomo uko wazi, au unaona mkia unapanda na kushuka kila akivuta pumzi, huyo anatumia nguvu kutafuta hewa, na ndio wa kumkimbilia kwanza hata kuliko anayekoroma.

Sasa leo usiku fanya hivi. Ngoja wapande fito, giza liingie, watulie, kisha ingia bila kuwasha tochi usimame kimya dakika kadhaa. Mchana kelele za kuchakura zinaficha kila kitu, usiku mwenye kamasi kwenye njia ya hewa anajitaja mwenyewe. Pita mmoja mmoja, sogeza sikio karibu na mgongo wake, mwenye mlio mfunge kamba ya rangi mguuni ili kesho usianze kukisia.

Asubuhi ndio uwashike. Na hapa naomba uwe makini sana: USIMBANE KIFUA. Kuku hana kile kiwambo cha misuli tulicho nacho sisi chini ya mapafu, anapumua kwa kidari kusogea nje na ndani, ukimkumbatia kwa nguvu unamziba pumzi na mgonjwa anaweza kukufia mkononi. Mabawa yalale ubavuni, kidari kikae huru juu ya kiganja chako. Anza na pua, futa kwa kitambaa cheupe uone kamasi ni ya maji au nzito, halafu inuse kweli kweli, usione kinyaa, maana harufu inasema mengi. Uvundo mkali pamoja na uso kuvimba chini ya macho, hapo unafikiria koraiza, yale mafua makali. Povu kwenye kona ya jicho na kamasi isiyonuka ni habari nyingine.

Kisha fungua mdomo umulike. Nyuma ya ulimi utaona kitundu kinafunguka na kufunga kila anapopumua, huo ndio mlango wa njia ya hewa. Angalia kama kuna utando wa njano, damu, kamasi inayovutika, au kitu chekundu kinachocheza ndani. Na ukishakiona hicho kitundu utaelewa kwanini hatutaki mtu ammiminie kuku maji wala dawa mdomoni, kiko wazi pale pale katikati na kinapokea kila kitu.

Pumzi nazo zihesabu kabla hujamshika, akiwa ametulia. Mtetea aliyetulia huwa kwenye 20 hadi 35 kwa dakika, jogoo chini ya hapo. Ukimaliza rudi hapa utuambie ulichokiona.

kijana_wa_mayai

Mkuu hayo ni mafua tu ya kawaida wala usiumize kichwa, weka OTC, ile antibayotiki ya oksitetra, kwenye maji ya wote siku tano mchezo umeisha. Wengi ndio tunavyofanya na kuku wanapona.

afisa_mifugo_wa_zamani

@kijana_wa_mayai nakuheshimu lakini hapa sikubaliani na wewe. Kukoroma ni dalili, siyo ugonjwa. Nyuma ya sauti hiyo hiyo moja kunaweza kuwa na virusi, bakteria, fangasi, minyoo ya koo au hewa chafu tu ya bandani, na antibayotiki inagusa moja kati ya hivyo. Kuku wengi "waliopona kwa OTC" walikuwa na virusi vyepesi ambavyo vingeondoka vyenyewe, na wengine walinyamaza tu sauti huku vimelea vimebaki mwilini. Halafu siku anakuja na ugonjwa wa bakteria kweli, dawa imeshazoeleka haifanyi kazi, siyo kwa kuku tu, hata kwa binadamu anayekula mayai hayo. Nimefanya kazi ya mifugo miaka mingi na hili linaniuma sana.

Mwenye mada, zaidi ya alivyosema dada Zena mimi naongeza kitu kimoja, tazama SPIDI. Magonjwa haya hayatembei kwa mwendo mmoja. Ukilala kuku wazima ukaamka karibu wote wanapiga chafya ndani ya siku moja au mbili, hapo nafikiria bronkaitisi ya kuambukiza, ni virusi vya jamii ya korona lakini vya kuku, na kwa mitetea utaona mayai yanatoka na ganda lililokunjamana au laini na ute wake ni maji maji. Koraiza nayo ina haraka, siku 1 hadi 3 tangu kuku apate vimelea dalili zipo, uso unavimba, harufu. Mycoplasma, hiyo ambayo wengi mnaiita CRD au mafua sugu, inatambaa. Leo mmoja, wiki ijayo wa pili, povu jichoni, kukoroma usiku, kuku anakula lakini mwili hauji na mayai yanapungua kidogo kidogo. Minyoo ya koo haina mfululizo wowote, inachagua huyu na yule, hasa wadogo.

Kuhusu kideri, maana najua ndio hofu yako kubwa. Kideri kikali hakikai kukoroma tu kistaarabu. Kuku anasinzia, kinyesi kinakuwa kijani, anahema kwa shida, wengine shingo inapinda au mguu na bawa vinapooza, na vifo vinaanza mapema na vinafuatana. Kina aina nyepesi pia inayoishia kwenye kupumua tu, kwahiyo sikuambii ukitoe kabisa akilini, hasa kama hawajachanjwa. Dawa hakina. Kinachookoa ni chanjo kabla hakijaingia, na kwa sisi wenye kuku wachache ile ya I-2 inayovumilia joto ni rahisi, tone moja jichoni kwa kila kuku, unarudia kila miezi 3 au 4. Usimchanje kuku anayeumwa sasa hivi, chanjo inataka mwili wenye nguvu ya kuijibu.

Na kuna dalili ambazo ukiziona acha kusoma hapa uwasiliane na mamlaka ya mifugo moja kwa moja. Vifo vingi vya ghafla, kichwa na upanga kuvimba na kugeuka rangi ya zambarau, damu kwenye kope au miguuni. Hiyo inaweza kuwa homa ya mafua ya ndege, mfano H5N1, na hiyo inampata na mtu. Usichinje, usinyonyoe, usipeleke kwa mtu, usimpe mbwa mzoga. Kukohoa damu nako ni dharura, unakuta matone ya damu ukutani au kwenye manyoya ya mwenzake, kuku ananyoosha shingo juu kabisa akivuta hewa kwa mlio. Huo mara nyingi ni ugonjwa wa koo unaoletwa na virusi vya jamii ya hepesi, na anayepona anabaki navyo maisha.

fundi_banda

Naona wote mmekimbilia magonjwa, hewa yenyewe mmeisahau. Mimi kazi yangu ni mabanda na nawaambia ukweli, nikiitwa "kuku wanakoroma" kitu cha kwanza nachuchumaa. Nachuchumaa mpaka uso wangu uko kimo cha kuku, dakika moja nzima, navuta pumzi. Wewe umesimama wima hewa unayovuta siyo ile anayovuta yeye. Akilala chini au kwenye fito fupi, pua iko juu ya maranda yaliyoloana na kinyesi, pale ndipo amonia inapotoka. Macho yakikuwasha pale chini imeshazidi. Ikishafika sehemu 25 kwa milioni inaharibu vile vinyweleo vidogo ndani ya njia ya hewa vinavyofagia vumbi na vimelea kutoka nje, vikilala hivyo kila kirusi na kila bakteria anapita bila kizuizi. Na pua ya mtu anayeingia bandani kila siku inazoea, kwahiyo mlete mtu ambaye hafugi achuchumae pale akwambie.

Angalia chini ya drinka, chombo cha maji, kwanza, asilimia kubwa ya unyevu unaanzia hapo. Chukua maranda mkononi ukamue, yakishikana donge na kubaki donge yana maji mengi, yakivunjika ukifungua mkono yako sawa, yakipeperuka vumbi nayo ni tatizo la upande wa pili. Toa yote ya chini ya drinka, inua drinka ifike usawa wa mgongo wa kuku, na fungua hewa juu, karibu na paa, siyo usawa wa fito. Watu wanaziba banda lote usiku wakiogopa baridi, kuku mkubwa mwenye manyoya makavu anavumilia baridi vizuri tu, asichovumilia ni upepo unaompiga moja kwa moja akiwa amelala na hewa iliyokufa.

MamaVifaranga

Samahani naingilia mada ya mwenzangu. Mimi wangu ni vifaranga wa wiki mbili, wanafungua mdomo kupumua lakini HAWANA sauti yoyote, hawakoromi hawapigi chafya, ndio kinachonishangaza. Wanazubaa tu halafu wanakufa. Nao ni kitu hicho hicho?

Zena_Bandani

@MamaVifaranga pole mama, huo ukimya wenyewe ndio dalili. Vifaranga wanaohema bila mlio, fikiria fangasi wa mapafu, aspajilosisi, anatokana na ukungu kwenye matandazo au chakula. Leo hii toa matandazo yote, weka makavu mapya yasiyo na vumbi, chakula kinuse na ukivunje mkononi, chochote chenye harufu ya ukungu au kilichogandamana tupa, usijaribu kukianika ukirudishe. Kwa waliokwishaathirika dawa ya uhakika hakuna na sitaki kukupa matumaini ya uongo, lakini wenzao unaweza kuwaokoa kwa kuondoa chanzo. Haitoki kwa kifaranga kwenda kwa kifaranga, wote wanaivuta kutoka sehemu moja. Ukipata aliyekufa leo leo mpeleke apasuliwe, mtaalamu ataona vivimbe vidogo vya njano au vyeupe kwenye mapafu na jibu litapatikana.

chakura_huru

Na minyoo ya koo imetajwa juu juu, ngoja niongezee maana kwa kuku wanaoachiwa nje ni muhimu. Kuku ananyoosha shingo mbele, anafungua mdomo kama anapiga miayo, anatikisa kichwa, anafunga, anarudia. Hana povu jichoni, hana kamasi puani, ndio tofauti. Ni minyoo myekundu, dume na jike wameshikana moja kwa moja wanaonekana kama herufi Y, wamejibandika ndani ya koromeo na ukimulika mara nyingine unawaona. Kuku anaipata kwa kula nyungunyungu, konokono na wale konokono wasio na gamba, na nyungunyungu anaweza kukaa nayo miaka, kwahiyo eneo likishachafuka linaendelea kuwa chafu. Wanaoumia zaidi ni wadogo, wakubwa wengi wanahimili. Fenbendazole au flubendazole inafanya kazi, unafuata dozi ya lebo. Piperazine ambayo watu wameizoea hii haiwezi, inatoa ile minyoo mikubwa ya utumbo.

tembe_mwekundu

Jamani ahsanteni sana, Mungu awabariki, nimefanya kila mlichosema. Yule wa mdomo wazi jioni kafunga mdomo, alfajiri yuko kimya, mlio hana, pumzi zake za kawaida, kwahiyo nimemtoa kwenye orodha. Usiku nimesikiliza wote, wenye mlio ni yule mtetea wa mwanzo, tembe mwenye povu, na jogoo. Huyu jogoo ni mgeni, kaja kutoka kwa mfugaji mwingine, sikumsikia mchana hata mara moja ila usiku anakoroma kuliko wote na mchana anawika na kula vizuri tu. Mdomoni kote kusafi, hakuna utando hakuna damu wala kitu chekundu. Kamasi ni ya maji, haina harufu. Kinyesi cha kawaida. Chini ya jicho la tembe kumetuna kidogo, ukibonyeza ni laini. Hakuna aliyekufa.

Na fundi, nimechuchumaa. Sikumaliza hata hiyo dakika, macho yameanza kuwasha. Maranda chini ya drinka yametoka donge zima limeloa, nimeyatoa yote.

Sasa hapo nafanyaje, hao watatu niwape nini?

afisa_mifugo_wa_zamani

Kazi nzuri sana, laiti wafugaji wote wangekuja na maelezo hivi. Kwa unavyoeleza, mwendo wa taratibu, povu, uvimbe laini chini ya jicho, hakuna harufu, hakuna vifo, mgeni kaingia na anakoroma, mimi naweka mycoplasma mbele, na amonia imeusaidia ugonjwa. Jogoo pengine kaja nayo, wanaishi nayo muda mrefu bila kuonyesha kitu mpaka waguswe na uchovu wa safari, kundi jipya au hewa mbaya. Lakini nisikudanganye, kwa macho huwezi kuitofautisha asilimia mia na nyingine, kipimo cha damu au pamba ya kooni ndio kinasema, na kama daktari wa mifugo anafikika mwombe kipimo kabla hujaanza dawa, siyo baada.

Leo hii watenge hao watatu. Siyo kona ya banda lile lile, hewa ni moja. Sehemu nyingine, na uwahudumie wazima kwanza ndio uende kwa wagonjwa, ukitoka kwa wagonjwa nguo na viatu vinabadilishwa na mikono inaoshwa kwa sabuni. Vimelea hivi vinakaa kwenye nguo na manyoya siku kadhaa, mtu ndiye gari lao. Wape sehemu kavu, isiyo na upepo wa moja kwa moja, maji karibu na walipo, chakula kilichololeshwa kidogo maana pua iliyoziba inamfanya kuku asisikie hamu. Jicho la tembe lisafishe mara mbili kwa siku, maji yaliyochemshwa yakapoa kuwa vuguvugu, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita, pamba mpya kila jicho. Huo uvimbe usiukamue. Ukiwa laini unaweza kunywea, ukikaa ukawa mgumu ndani kuna usaha ulioganda na hapo ni kazi ya daktari kuupasua.

Dawa. Mycoplasma haina ukuta wa nje kama bakteria wengine, ndio maana penisilini na ndugu zake haziigusi kabisa, msije mkapoteza muda. Zinazotumika ni tylosin au jamii ya tetracycline, yani oksitetra na doksi, lakini ipi na kiasi gani akuandikie daktari, na nakueleza kwanini siandiki gramu hapa: unga wa kiwanda hiki una asilimia tofauti na wa kiwanda kile, gramu moja ya pakiti hii inaweza kuwa na dawa mara kadhaa ya pakiti ile. Soma lebo YAKO. Ukipewa jamii ya tetracycline ondoa magamba ya konokono na chokaa unayowawekea kwa siku hizo, kalsiamu inaishika dawa tumboni haiingii mwilini. Maji ya dawa yawe ndio maji pekee waliyonayo, changanya mapya kila siku, na maliza siku zote zilizoandikwa hata sauti ikikata siku ya pili. Angalia pia kama wanakunywa kweli, kuku anayeumwa hupunguza maji, asipokunywa dozi haijaingia na hapo bora sindano kwa mkono wa daktari.

Mayai. Sasa hivi kabla ya dawa, kwa ugonjwa huu unayala, yapike yaive, huu hauendi kwa binadamu. Ukishaanza dawa mayai ya hao wanaopewa dawa hayaliwi wala kugawiwa mpaka muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye lebo upite, unahesabu kuanzia dozi ya mwisho. Kama lebo inasema dawa si ya kuku wa mayai, usiitumie kwa mtetea.

kijana_wa_mayai

Nimekuelewa mkuu, hilo la ukuta wa bakteria na la kalsiamu sikuwa nalijua. Swali, vipi mvuke wenye mafuta ya menthol, au kitunguu saumu kwenye maji? Wengi wanasifia.

Zena_Bandani

Mafuta makali usiyapeleke karibu na kuku anayehangaika na pumzi. Mapafu yake yameungana na vifuko vya hewa 9 vilivyoenea mpaka tumboni, chochote unachompa avute kinaingia mwilini kote kuliko kwetu, na njia ya hewa imeshachubuka tayari. Moshi ndio kabisa, kuna watu wanafukizia banda majani kuku wakiwemo ndani, wanawamalizia. Kitunguu saumu kidogo kwenye chakula hakimdhuru ila usikiite dawa ya mycoplasma, na kikifanya maji yawe na harufu wasinywe umewaongezea tatizo la pili.

tembe_mwekundu

Nimeongea na daktari wa mifugo, anakuja kuchukua vipimo, nimemsomea maelezo yote haya akasema nimemrahisishia kazi. Watatu wameshatengwa, banda nimefungua hewa juu, jana usiku nimesikiliza waliobaki wote kimya. Maswali ya mwisho jamani: wakinyamaza nawarudisha lini? Na huyu mtetea wa kwanza ndiye anayeatamia vizuri kuliko wote, nilitaka nimwekee mayai.

afisa_mifugo_wa_zamani

Subiri vipimo. Kikirudi kwamba ni mycoplasma, jua kwamba dawa inashusha ugonjwa lakini haiutoi mwilini, hao watatu na pengine kundi lote ni wabebaji kuanzia sasa. Kwa kundi la nyumbani linaloishi lenyewe unaweza kuendelea nao miaka wakitaga vizuri, mimi siwezi kukwambia uwachinje. Warudishe wakimaliza dozi na wakipita wiki mbili hivi bila mlio usiku, bila povu, na banda limekauka. Ila kundi lifungwe hapo, usitoe kuku wala kuuza, usigawe matembe, maana utakuwa unampelekea mwenzako. Na ukileta mgeni yeyote siku zijazo akae peke yake siku 30 kabla hajaonana na wako, na usiku uende ukamsikilize.

Mayai ya kuatamia ndio hapana, inapita kwenye yai kutoka kwa mama mpaka kwa kifaranga na anatoka nayo kwenye ganda. Huyo mtetea kama anataka kuatamia mpe mayai ya kundi lililopimwa likawa safi, lakini vifaranga nao watavuta hewa ile ile anayopumua yeye, kwahiyo bora uwape mama mwingine asiyetoka kwenye kundi hilo au taa, mbali na banda hilo. Kama vipimo vikirudi safi, tupia majibu hapa tuanze upya kuangalia bronkaitisi na hiyo amonia.